Saini Niliyomnyima Reginald

Levolosi,
Arusha.
Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Marta,

Shikamoo. Kabla ya yote nauliza hali ya magoti yako. Binti yako Joyce aliniambia umeanza kutembea na fimbo na hutaki mtu yeyote aiite fimbo. Natumaini barua hii itakukuta una nafuu, na kwamba joto la Nampula limepungua mwezi huu ili upate usingizi. Presha inasemaje? Samaki unakula, au bado unamwachia Joyce vipande vizuri na wewe unanyonya mifupa?

Huku kwetu tu wazima, tunamshukuru Mungu. Baridi ya Juni imeshika. Mlima Meru una siku tisa haujatoa uso, na nguo nikianika asubuhi nazianua jioni zikiwa na maji yaleyale. Princess wangu yuko kidato cha pili sasa. Amerefuka mpaka sketi ya shule imekuwa aibu, na wiki iliyopita alikuwa na mafua lakini yameisha.

Korosho ulizompa Padri Romanus zilifika zote, jambo la kushangaza kwa mtu anayependa korosho kama yeye. Ndiye atakayekuletea barua hii, maana anarudi huko Jumatano kwenye mkutano wa shirika lao. Nimempa pia kilo mbili za kahawa ya Machame. Usiwagawie majirani wote, nakujua.

Sasa niingie kwenye lililonikalisha mezani.

Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti mara mbili. Unasema nimemwaibisha kaka yako, Baba mkubwa Abdiel, mbele ya mtu. Unasema nimekataa isale, jani letu la kuombea msamaha. Unasema mkono usioweza kuukata, ubusu. Shangazi, wewe ulinichukua nikiwa na miaka tisa, siku arobaini baada ya kumzika mama, ukanivusha mpaka Nampula na ukanirudisha nikiwa msichana mwenye lugha tatu na nidhamu. Hakuna mtu aliye hai ninayemheshimu kuliko wewe. Lakini aliyekusimulia alikusimulia nusu, na nusu yenyewe ameipinda. Isale sikulikataa. Sikiliza nusu nyingine kisha unihukumu, na hata ukinihukumu vibaya, bado sitasaini.

Unakumbuka kwamba mwaka jana Baba mkubwa ndiye aliyenitafutia kazi kwa Reginald, yule wa ukoo wetu mwenye kampuni ya vifaa vya hospitali kule Njiro. Nilianza kwa kuandika barua na kupokea simu. Mwezi wa tatu mwaka huu Reginald akapata kazi kubwa ya kupeleka mashine sitini Msumbiji, kwenye hospitali ndogondogo za mkoa wenu. Ni zile mashine za kunyonya ambazo mkunga huzitumia mtoto akizaliwa amezibwa pua na koo kwa ute. Zina bomba, chupa, pampu, na geji ya kuonyesha nguvu ya mvuto. Wanunuzi, ambao ni watu wa misaada, waliweka sharti kwamba kila mashine iwe na kijitabu cha Kireno, na kila kijitabu kiwe na karatasi ya mfasiri yenye saini, inayosema kwamba maelezo ni sahihi na yanaendana na mashine iliyo ndani ya sanduku. Kijitabu kilichokuwepo kilikuwa cha Kiingereza.

Reginald aliniita akacheka, akasema, "Tekla, si ulikulia huko? Hebu tutolee hiki kitu kwa Kireno."

Nilifurahi, sikufichi. Miaka ishirini na mbili nimekaa na Kireno changu ndani kama mtu aliyekaa na sufuria zuri la harusi asilolipikia. Nilinunua daftari gumu nikaligawa safu tatu, Kiingereza, Kireno na Kiswahili. Kila jioni nikampigia Joyce akitoka zamu yake ya uuguzi. Nilikuwa nikimsomea neno, naye ananiambia wauguzi wa wodini kwao wanalitamkaje, maana Kireno cha kamusi na Kireno cha mtu aliyeshika mtoto mwenye rangi ya bluu si kitu kimoja. Pampu ya ombwe tukaiita bomba de vácuo. Geji tukaiita vacuómetro, kisha Joyce akasema wengi watasema manómetro tu, basi nikaandika yote mawili. Mashine yenyewe ni aspirador, na mtu asije akabishana na wakunga.

Neno lililonitesa zaidi ni hilo la ombwe, na si kwa Kireno. Fundi wetu Lekishon, Mwarusha wa Ngaramtoni, alikataa kabisa kwamba Kiswahili kina neno hilo. Kwake ni mvuto, basi. Nilimweleza kwamba mvuto ni ile kazi inayofanyika, na ombwe ni pale mahali palipotolewa hewa. Akafikiri, akasema, "Kwa hiyo umetafuta jina la mahali pasipo na kitu." Nikamwambia ndiyo, na nimelipwa kwa kazi hiyo.

Nikueleze namna nilivyofanya kazi, maana ugomvi wote umetokea hapo. Sikutaka kutafsiri nimekaa. Nilikuwa nikimaliza sentensi tano za Kireno, nashuka karakana, nasimama kando ya Lekishon na mashine moja imefunguliwa mezani. Namsomea Kireno changu nikikigeuza Kiswahili papo hapo, yeye anafanya kile anachosikia, hicho tu, bila kutumia akili yake ya ufundi. Mkono wake ukienda mahali pasipo sahihi, sentensi hiyo ni mbovu, narudi kuiandika. Mara ya kwanza alifunga bomba kwenye tundu la kutolea hewa na chupa ikamwaga maji mpaka kwenye viatu vyangu. Sentensi ilikuwa yangu, kwa hiyo maji nilistahili. Mafundi wengine walitucheka. Lekishon hakujali, alisema kwao ng'ombe hanunuliwi kwa kusimuliwa.

Hivyo tulifika ukurasa wa kumi na nne, sehemu ya watoto wachanga. Kiingereza kilisema fungua taratibu mpaka mia, na usivuke mia. Nikamsomea Lekishon. Akafungua. Akaendelea kufungua. Akaniangalia.

"Dada Tekla, mia haipo."

"Haipo vipi?"

"Nimefungua yote. Imegoma kwenye themanini. Hizi zikiwa huku juu, penye hewa nyepesi, zinachoka njiani. Dar nilifunga mbili za hivi mwaka juzi, zilivuta mpaka tisini na kitu."

Nikavaa miwani nikainama kwenye kioo cha geji. Chini ya namba kulikuwa na herufi ndogo kama mbegu za ufuta. Kijitabu kilihesabu kwa milimita za zebaki. Geji ilihesabu kwa kilopaskali. Shangazi, hili nitakueleza kwa lugha ya jikoni. Ni mapishi yaliyoandikwa vijiko mia vya maji, halafu mpishi anapewa ndoo na kuambiwa ahesabu mia. Namba ni ileile, chombo ni kingine. Mia ya kijitabu, kwenye geji hii, ni kumi na tatu tu. Kijitabu kilikuwa cha toleo la zamani la mashine, na mashine zilizoshushwa kutoka kwenye kontena zilikuwa za toleo jipya, na hakuna aliyelinganisha viwili hivyo mpaka siku ile.

Tulijaribu kwa ngozi yetu wenyewe. Lekishon alibandika mdomo wa bomba upande wa ndani wa mkono wake. Kwenye kumi na tatu ngozi ilivutika kidogo, akasema ni kama ndama asiye na meno. Tukafungua mpaka mwisho, pale penye themanini. Alipoubandua palibaki duara jekundu kama aliyeumikwa, na kesho yake lilikuwa jeusi. Huo ni mkono wa mwanaume wa miaka arobaini na moja aliyekua akichunga kwenye miiba. Sasa wewe weka hapo koo la mtoto ambaye hajamaliza dakika mbili duniani.

Nilipanda kwa Reginald mbio, nikidhani atashtuka. Hata sikufikiri kwamba kuna namna nyingine ya kulipokea jambo hilo. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Halafu akasema, "Tekla, wewe ni wa maneno. Namba si kazi yako." Nikamwambia namba ikiwa ndani ya sentensi ni neno kama mengine. Akasema kijitabu kimeandika zebaki, atakayekisoma ataona. Nikamwambia Joyce ameniambia mtoto akitoka hapumui hakuna anayesoma vimaandishi, wanatazama namba na mshale. Ndipo akanipa jibu ambalo nimelala nalo mpaka leo. Alisema, "Si umesema mwenyewe mshale haufiki mia hata ukifungua yote? Sasa nani atavuka mia?"

Lisome tena, Shangazi. Mtu mwenye digrii alisema hivyo. Kwamba mashine ni salama kwa sababu huku Arusha hewa ni nyepesi na haiwezi kufika pale tulipomwambia muuguzi aipeleke. Nilimjibu kwamba hapo ndipo hatari ilipo. Muuguzi ataitafuta mia, hataiona, atadhani mashine ni dhaifu, atafungua yote. Na mashine haziendi kukaa Arusha. Zinakwenda kwenu chini, kwenye hewa nzito, ambako zitavuta zaidi ya zilivyomvuta Lekishon.

Nilichoomba kilikuwa kidogo. Kurasa mbili zichapwe upya, na watengenezaji waandikiwe barua wathibitishe. Wiki mbili, labda tatu. Yeye akasema lori limeshapangwa, wanunuzi wanasubiri, na kwamba akili nyingi huondoa maarifa.

Tulivutana siku nne. Siku ya tano aliniita karakanani, mbele ya mafundi wote, akasema anashangaa mtu aliyeokota Kireno chake sokoni Nampula akiuza maandazi anamfundisha yeye biashara. Akaniita profesa wa maandazi. Wengine walicheka, wengine walitazama spana zao. Maandazi niliuza kweli, na wewe ndiye uliyeyapika, na marehemu mume wako alikuwa akinisomesha gazeti la juzi kwa sauti huku nikisubiri wateja. Sioni aibu iko wapi. Niliweka ufunguo wa ofisi mezani nikaenda nyumbani na daftari langu. Hakunifukuza, ingawa ndivyo ulivyoambiwa. Niliondoka.

Baada ya hapo Reginald akachukua kijitabu cha Kiingereza akakipitisha kwenye simu, simu ikatoa Kireno. Nilimtumia Joyce kurasa nilizozipata kwa Lekishon. Alisema ni Kireno cha Brazil, kinasomeka, lakini maneno mengine hajawahi kuyasikia wodini. Hiyo ningeisamehe. Mia ilikuwa bado ni mia. Kilichobaki kumkosesha Reginald usingizi ni saini ya mfasiri, na wanunuzi walikuwa wameshapewa jina langu.

Ndipo lilipokuja isale.

Jumamosi asubuhi, tarehe 31 Mei, nilikuwa nakwangua viazi. Nikamwona Baba mkubwa Abdiel mlangoni, amevaa koti lake la kanisani, ametoka Machame na gari la alfajiri akiwa na miaka yake sabini na sita. Mkononi ana jani la isale, bichi, lenye fundo. Nyuma yake Reginald, ameinamisha kichwa. Moyo wangu ulilainika palepale, sikudanganyi. Nimelelewa Nampula lakini najua isale ni nini. Mtu akikuletea, hata kama alimuua ndugu yako, unapokea. Nikapiga goti, nikalipokea kwa mikono miwili, nikamwambia Reginald mbele ya Baba mkubwa kwamba yale ya maandazi yamekwisha na sitayarudia. Baba mkubwa alifumba macho akamshukuru Mungu kwa Kichaga. Princess akaleta chai.

Kikombe kilikuwa hakijafika mdomoni Reginald alipotoa bahasha kwenye koti. Ndani ni karatasi ya mfasiri, imeshachapwa, na kalamu ameshaifungua kifuniko.

Nilimtazama Baba mkubwa. Aliniambia kwa upole, "Mwanangu, isale halirudishwi."

Nikasema, "Sijalirudisha, Baba. Liko mezani, na litakauka hapo hapo kwangu. Reginald amenikosea nimemsamehe. Lakini isale ni la kuombea msamaha wa lililotendeka. Si la kuombea ruhusa ya litakalotendeka."

Baba mkubwa akamgeukia Reginald akamuuliza kama ni kweli hizo namba mbili si kitu kimoja. Reginald akasema, "Baba, hayo ni mambo ya kitaalamu." Baba mkubwa akauliza tena, palepale, kwa maneno yaleyale. Reginald akatazama saa yake. Mzee hakumaliza chai. Alisimama, akavaa kofia, akaniambia nimemvunjia safari, akatoka. Nilimsindikiza mpaka barabarani hakunishika mkono. Tangu siku ile hajanipigia.

Hilo limeniuma, Shangazi, na linaniuma ninapoandika. Sijui kama alikasirika kwa sababu nilikataa, au kwa sababu alitumwa na isale mkononi bila kuambiwa kuna kalamu mfukoni. Labda yeye mwenyewe hajui. Lakini nakuomba usiniombee radhi kwake. Nikienda Machame mwezi wa nane nitamwamkia, nitamlimia migomba yake, nitamchinjia mbuzi nikipata, na akiniuliza nitamwambia lilelile nililosema siku hiyo. Umeniambia niubusu mkono nisioweza kuukata. Mikono mingi nimeibusu na nitaendelea kuibusu. Huu ulikuwa unataka kuutumia wa kwangu.

Mashine ziliondoka Alhamisi, tarehe 5. Lekishon alizipakia. Simlaumu, ana watoto wanne na wazazi wawili, na ndiye aliyenitumia picha ya geji, picha ya kijitabu kilichochapwa, na picha ya karatasi ya mfasiri. Jina langu liko pale kwa herufi kubwa, TEKLA ELIEZA. Juu ya mstari wa saini Reginald ameweka yake, akaandika kwa niaba. Yaani hata nilipokataa, nimekubali.

Mimi si mtu wa kukaa nikalia. Nimewaandikia wanunuzi kwa barua pepe mara mbili nikiwatumia picha zote, na hadi leo wamenijibu tu kwamba barua imepokelewa. Nimewaandikia watengenezaji. Hawa walijibu kwa siku moja, kwamba kijitabu cha geji mpya kipo, na kwamba kwa mtoto mchanga kikomo ni kumi na tatu. Jibu hilo nimelituma kwa Reginald. Ameniblok. Watu hapa mtaani wananiambia nimechezea kazi, kwamba ukoo hauchezewi, kwamba mashine zimeshavuka mpaka na maji yakimwagika hayazoleki. Hayajamwagika. Joyce anasema masanduku bado hayajafika kwao.

Na sasa, Shangazi, nina kazi ya kukupa, na ndiyo maana nimeandika kwa kalamu badala ya kukupigia.

Nilipomweleza Joyce yote haya kwenye simu alisema kitu ambacho nilipaswa kukijua mwenyewe. Mtoto akiumia koo, hakuna atakayemtafuta Reginald wala Arusha. Wataangalia nani alishika bomba. Ni yeye, au msichana kama yeye, aliyemaliza chuo mwaka jana. Nikamwambia basi chukua picha zangu mpelekee mkuu wa hospitali. Akasema mkuu wao hapokei kitu cha kwenye simu. Anataka karatasi, yenye wino, yenye jina na saini ya mtu anayeweza kutafutwa. Nikakumbuka jinsi mume wako alivyokuwa akipanga foleni siku tatu kwa ajili ya muhuri mmoja, nikajua anasema kweli.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi sitini na tano, tano ni za akiba. Nimeziandika zote kwa mkono wangu na kila moja ni halisi, hakuna nakala kivuli. Princess alitaka kunisaidia nikamkatalia, kwa sababu mwandiko lazima uwe mmoja. Zinasema hivi: Para recém-nascidos, não ultrapassar 13 kPa. O número 100 do manual está errado para este aparelho. Kwa Kiswahili chetu, kwa watoto wachanga usivuke kilopaskali 13, na ile mia ya kijitabu ni kosa kwa mashine hii. Na chini yake nimeeleza kwa sentensi nne fupi sababu, tarehe, na namba yangu ya simu. Sentensi hizo Lekishon alizifuata kwa mkono wake Jumapili iliyopita, nyumbani kwangu, kwa pampu na geji alizoziazima. Mkono haukupotea hata mara moja. Pamoja nazo kuna jibu la watengenezaji na tafsiri yake ya Kireno.

Tafadhali usimpe Padri azipeleke, atazisahau kwenye gari. Zichukue wewe. Joyce asiende kwa mkuu wake peke yake, yeye ni mdogo pale na wanaweza kumnyamazisha. Nenda naye. Vaa capulana yako ya heshima, kaa kwenye kiti mpaka akupokee, na hiyo fimbo isiyoitwa fimbo uishike vizuri. Mwombe abandike moja kwenye kila mashine itakayoingia hospitalini kwao, juu ya geji, si ndani ya kijitabu. Nyingine azitume kwenye hospitali nyingine zinazopelekewa mashine hizi. Akikuuliza mwandishi ni nani, mwambie ni mtoto uliyemlea mwenyewe, na kwamba Kireno chake alikipata sokoni kwenu.

Kama atasema hana haki ya kubandika kitu kwenye mashine ya msaada, mwambie mimi pia niliambiwa sina haki na namba.

Najua milango ninayojifungia. Njiro hakuna atakayeniajiri kwa muda. Nimeshaanza kufundisha Kiingereza jioni kwa watoto watatu wa jirani, na kuna mama mmoja wa Ngaramtoni anayepeleka maparachichi Maputo anataka barua zake ziandikwe. Tutakula. Princess ameniambia akiwa mkubwa atakuwa mkunga, kisha baada ya saa moja akasema atakuwa rubani, kwa hiyo sijui.

Nisalimie Joyce sana, mwambie asiache kupokea simu yangu hata akiwa amechoka. Wasalimie watoto wa mtaa walionifahamu, kama wamebaki, na yule mama wa samaki aliyekuwa akinipunja. Padri Romanus atakusalimia mwenyewe. Princess anakuamkia na anauliza kama huwa mnakula korosho kila siku. Ukiongea na Baba mkubwa Abdiel, msalimie tu, usiongeze kitu, na umuulize amekula nini.

Mungu wa baba zetu akulinde wewe na nyumba yako, akupe magoti ya kukufikisha kwenye ofisi hiyo na ukali wa kukaa hapo. Na kila mtoto atakayezaliwa huko mwezi huu apate hewa yake mwenyewe.

Jambo la mwisho. Reginald alisema mara nyingi kwamba anachotaka ni kitu kidogo, mistari miwili ya kalamu. Ni kweli ni kidogo. Saini hiyo nimeitia mara sitini na tano kwenye karatasi hizo, na ya sitini na sita iko hapa chini, ili mkuu wa hospitali ailinganishe na asiwe na shaka ni ya nani.

Wako akupendaye, na asiyejuta,

Tekla Elieza
Mfasiri